Picha moja kila siku mpaka Bonane (mwaka mupya): nani alishafanyaka? Na mama mukwe mulimufanya nini?

Mama_Mapacha_Ndosho (4/12, saa 21:12)

Jambo yenu wote. Niko na ulizo moja, tafazali musinicheke.

Huu mwaka nilijisemea nitapiga picha moja kila siku ya maisha yetu ku nyumba, kuanza tarehe 1 mwezi wa 12 mpaka Bonane. Si picha za kuvaa na kusimama wima kama mutu anaenda kulomba paspoti, apana, picha za hivi hivi tu, mutoto anasukwa analia, bidoni zimepangwa ku mulango, bwana yangu amelala ku kiti na viatu, bintu kama byo. Niliona kuna bamama huko Marekani wanafanya hivyo kila Desemba, picha moja ao mbili kwa siku, wanabandika ku albamu na kuandika maneno kidogo kando, nikasema na mimi nitashindwa na nini, kaye (daftari) iko, kole (gundi) iko, telefone iko.

Sasa leo ni tarehe 4 na niko karibu kuacha.

Kwanza telefone. Ni Itel ya GB 16, video za grupe ya kanisa na za likelemba (upatu) zimeijaza mpaka ku shingo, kila nikinyanyua inaniambia memwari imejaa. Kisha nyumba. Tuko mu nyumba ya mbao kama nyumba mingi za huku Ndosho, Goma, dirisha moja, mandani giza, picha zinatoka nyeusi ti, unaona meno na kikombe. Mapacha nao, miaka saba, wakiona telefone tu wanasimama kama bajeshi na bidole mbili juu. Hizo zote nazivumilia.

Yenye inaniuma ni mama mukwe. Anakaa na sisi tangu mwezi wa nane, ni mama muzuri, tunapatana, lakini hii mambo ya picha ameikataa kabisa. Anasema mutu hapigwe picha akikula, na nyumba yenye haina nyama haipigwe picha hata kidogo. Juzi nilipiga sahani, bugali, sombe (majani ya muhogo), na samaki ndogo za sambaza kidogo pembeni, akaniuliza, "Unapelekea nani hiyo?" Nikamujibu, hakuna mutu mama, ni yetu sisi. Akanyamaza ile kunyamaza munaijua. Najua anafikiri natuma kwa dada zangu Bukavu ili waone kama mutoto wake hanilishi.

Basi naomba, mwenye alishafanyaka kitu kama hii, gisi gani unafika mwisho bila kuchosha watu? Na mwaka wenye franga hazipo, Noeli ya muchele na maharagi, mutu anapiga picha ya nini? Juu huu mwaka tunaujua wote.

Mutoto_wa_Birere (4/12, saa 21:20)

Piga kaye ya deni ku boutique. Hiyo iko kila siku, hata tarehe 25 haikose 😂

Fundi_Foto (4/12, saa 22:05)

Mama Mapacha usiache. Mimi nilikula mukate wa picha tangu wakati wa pelikule (filamu ya kamera), sasa nimezeeka mikono inatetemeka lakini macho bado iko.

Sikia. Pelikule ya kawaida ilikuwa picha 36. Mwezi huu fotografe alikuwa anatembea kartie kwa kartie na pelikule mbili ao tatu mu mufuko, batoto wamevaa nguo mupya wanakufwata mpaka unachanganyikiwa, na kila picha yenye imeharibika ni franga yako imekufa, hakuna kufuta. Kwa hiyo ulikuwa unaangalia mbele ya kubonyeza. Sasa wewe jifanye uko na pelikule moja tu. Desemba ni siku 31, weka na Bonane, 32, zinabaki nne za wenye kufunga macho. Ukijiwekea ile hesabu hautapiga sahani moja mara ishirini, na mama mukwe hatakuona na telefone ku mukono asubui mpaka usiku. Nafikiri hata yeye kile kinamuchosha si picha, ni telefone.

Mambo ya giza sasa. Zima flashi, kwanza. Flashi ya telefone inafanya mutu kama mwizi wamemukamata. Fungua mulango, mutu akae ndani hatua moja ao mbili tu kutoka mulango na uso wake uangalie nje, weye simama kando ya mulango, usizibe mwangaza. Kisha gusa uso wake ku ekra na kidole. Watu wengi hawajue hii. Telefone inapima mwangaza fasi yenye umegusa, ukiiacha yenyewe itapima mulango wenye mwangaza na uso utakuwa makala. Na usimupige mutu amegeukia mugongo mulango, hata kamera ya bazungu itashindwa.

Nje ni vile vile. Goma yetu ni mawe nyeusi, kibambazi nyeusi, udongo nyeusi, yote inakunywa mwangaza. Mama mmoja alikuwa ananicheka nilipokuwa natandika shuka nyeupe ku kamba kando ya batoto, akafikiri nafanya mapambo, kumbe shuka inarudisha mwangaza ku nyuso. Mufuko mweupe wa unga uliopasuliwa unatosha. Siku ya mawingu usiseme leo siku mbaya, ile ndiyo siku nzuri ya nyuso. Siku ya jua, piga asubui mpaka saa tatu hivi, ao tangu saa kumi na moja ya mangaribi, lakini usizembee, huku kwetu ikifika saa kumi na mbili na kidogo jua limekwenda, haliage mutu.

Ah na pangusa kioo cha kamera! Moshi ya mbabula (jiko ya makala) na mafuta ya mikono. Nusu ya picha zenye watu wananiletea wanasema "telefone imekufa" ni mafuta ya mandazi tu.

Mapacha: wapige ile ya bidole kwanza, waambie aksanti imeisha. Wakianza kutawanyika, piga ingine. Ile ya pili ndiyo utabandika.

Memwari: picha moja ya telefone hiyo ni mega mbili tatu hivi, zote 32 hazifike hata mega 100. Video moja ya korali inakula kushinda mwezi wako muzima. Ingia mu WhatsApp, kataza ijipakulie video yenyewe, utaona nafasi inatoka wapi.

Na angalia tarehe ya telefone ikitoka kuzima batri. Zingine zinarudi mwaka 1970 na picha zinajipanga gisi zinataka. Nimeona albamu ya watu fulani ubatizo wa mutoto umetangulia harusi. Hapo ilikuwa ni telefone, si kusema vibaya.

Dada_Himbi (5/12, saa 6:48)

Mutoto wa Birere anacheka lakini ile ya kaye ya deni ni picha muzuri ya kweli kabisa, mimi ningeibandika.

Mama Mapacha nikuelezee yetu. Noeli ya 2001 nilikuwa na miaka tisa. Papa aliita fotografe, akamulipia pelikule muzima, tarehe 24, 25 na Bonane, na ule fotografe alikuwa mukarimu hakungojea tujipange, alipiga mpaka mu jikoni, mama ananyonyoa kuku, sisi tunagombania mukia. Papa akatoa nusu ya franga, akasema nusu ingine mwisho wa mwezi wa kwanza mushahara ukitoka. Studio ilikuwa mu mji katikati. Tarehe 17 mwezi wa kwanza mulima wa moto Nyiragongo ikapasuka, ile moto ikateremuka ikapita mu mji mpaka ku ziwa. Tulikimbilia Gisenyi, Rwanda, na miguu. Tuliporudi nyumba yetu ilikuwa inasimama, Mungu alitusaidia, lakini studio ilikuwa chini ya mawe na pelikule yetu ndani. Leo pale juu kuna duka la mabati. Kila nikipita nasema chini hapa kuna mama ananyonyoa kuku.

Kitu kinachekesha ni kwamba albamu ya zamani ilibaki, ilikuwa ku nyumba. Ubatizo, komunyo, harusi ya mama mudogo, zote ziko. Na mu zile picha zote hakuna mutu anayekaa! Watu wote wanasimama mbele ya rido (pazia) moja ya studio, rido ya maua, hata marehemu babu yetu mwenye alikuwa mugonjwa wa miguu amesimamishwa. Sasa niliulizaka mama, meza yetu ya zamani ilikuwa rangi gani? Akasema bulu. Papa akasema mu ile nyumba hatukuwa na meza. Mpaka leo wanabishana, na hakuna picha hata moja ya kuwakatia hiyo kesi.

Kwa hiyo wewe unauliza mwaka wa muchele na maharagi mutu anapiga nini. Piga meza.

Tena, usiziache mu telefone peke yake. Ile usiku ya tarehe 22 mwezi wa tano 2021 tulipoona juu ku Nyiragongo kumekuwa nyekundu tena, nilikamata diploma, mutoto, na telefone yenye asilimia sita ya batri, nikawa natembea nafikiri picha zote za mutoto tangu alizaliwa ziko mu hii kitu na inaweza kuanguka mu maji. Tangu ile siku niko na flash diski mbili, moja kwangu, moja kwa shangazi Bukavu. Watu wa siberi (nyumba ya intaneti) wanakukopia, si kazi kubwa. Google nayo inakupa GB 15 ya bure kama una mega za kupandishia, lakini kumbuka zile 15 barua pepe nazo zinakula humo humo.

Mama mukwe sijue. Wangu alikuwa anapenda picha kushinda mimi.

Mwalimu_Mstaafu (5/12, saa 8:30)

Wapendwa, amani kwenu. Nimesoma kwa makini na nina mambo ya kusema.

La kwanza, tarehe. Mnasema kila mara "tarehe 1" kama vile Noeli ni mwezi wa mshahara. Majilio huanza Dominika ya nne kabla ya Noeli, kwa hiyo inaweza kuangukia siku yoyote kati ya 27 Novemba na 3 Desemba. Na kipindi cha Noeli chenyewe huanza na mkesha wa tarehe 24 na kuendelea mpaka Ubatizo wa Bwana, mwezi wa kwanza. Ninyi mtakuwa mmefunga albamu wakati Mamajusi bado wako njiani. Tarehe 28 ni Watoto Mashahidi, na hiyo ndiyo siku ya kuwapiga picha watoto kama ni lazima.

La pili, mama mkwe ana haki. Mtu mzima hapigwi picha akiwa na tonge mkononi, bila kuombwa, kama mbuzi sokoni. Wewe binti yangu unaita "maisha ya hivi hivi", yeye anaona aibu yake imeandikwa mahali asipoweza kuifuta. Sisi tulikua tukipigwa picha mara moja kwa mwaka, na tulikuwa tunaoga kwanza.

Mutoto_wa_Birere (5/12, saa 8:41)

Mwalimu heshima yako, lakini mbuzi ya soko siku hizi ndiyo inapigwa picha ya kwanza, inawekwa ku statu na bei chini 😂😂 mutu ndiye anasahauliwa

Mwalimu_Mstaafu (5/12, saa 9:02)

Ndiyo nilichosema.

Bolingo_ya_Nkamba (5/12, saa 10:15)

Sisi Wakimbanguisti, wa kanisa ya Simon Kimbangu, Noeli yetu ni tarehe 25 mwezi wa tano, kwa hiyo mimi nitaleta albamu yangu hapa mwezi wa sita na mutaniangalia bila kelele. Lakini ushauri mudogo, kama jirani zako si wa dini moja na wewe piga nao pia, mapacha wako mwezi huu watashinda kwa jirani kuliko kwako, wote tunajua batoto wanajua nyumba gani kuna mandazi.

Niko_Kampala (5/12, saa 13:37)

Mama Mapacha, soma na hii ya mtu aliye mbali. Mimi nina miaka sita nje. Kila Noeli mama yangu ananitumia picha moja, moja tu, wamepanga viti vya plastiki, wote wamevaa kikwembe cha aina moja, wote wanaangalia mbele kama wanaangalia habari. Nashukuru, lakini unajua mimi naangalia nini? Naangalia nyuma. Navuta picha nakuza pale nyuma yao, naangalia mabati, naangalia kamba ya nguo, nahesabu bidoni. Mwaka juzi nikakuza nikakosa muti wa avoka. Ule muti tulikulia juu yake! Nikapiga simu, mama muavoka uko wapi, kimya, kisha akasema "nani amekuambia?" Walikuwa wameukata tangu mwezi wa nne kwa sababu mizizi ilikuwa inanyanyua choo, na walikubaliana nisiambiwe.

Kwa hiyo kama una mtu mbali, piga viatu ku mulango. Kila mangaribi, fasi moja, viatu tu. Mama mkwe hawezi kusema ni aibu maana hakuna uso wala sahani. Lakini mutu wa nyumba akiona anajua kila kitu, huyu amelala hapa, huyu hajarudi, hizi buti za nani, mgeni gani amekuja na sapato za ngozi. Siku ya 24 utaona viatu vimekuwa kumi na tano na wewe hujasema neno.

Na ukimtumia mtu kwa WhatsApp, usitume kama picha ya kawaida, tuma kama dokima (document). Ile ya kawaida wanaikandamiza, mutu akikuza anaona vumbi tu. Mimi nimekuza vumbi miaka mingi.

Jirani_wa_Katoyi (5/12, saa 18:50)

Yote sawa lakini mujichunge. Ukipiga nje angalia kwanza nyuma ya mutoto kuna nani, mutu na bunduki ao bariere (kizuizi) asionekane mu picha yako hata kwa bahati mbaya, utaelezea nani kama ilikuwa picha ya viatu. Mu kamera ya telefone kuna fasi ya kuzima mambo ya "mahali", zima. Na ku statu usiweke ya leo leo, batoto na iniforme ya shule na mulango wa nyumba vyote mu picha moja, apana.

Dada_Himbi (6/12, saa 7:10)

Nilisahau kitu. Mama Mapacha, tangu tarehe 1 wewe uko mu picha ngapi?

Mama_Mapacha_Ndosho (6/12, saa 12:33)

Zero 😳

Dada_Himbi (6/12, saa 12:40)

Nilijua. Mimi mu albamu ya mutoto wangu niko kivuli tu. Kuna moja kivuli changu kimekaa muzuri na kitambaa ku kichwa, watu wanafikiri nilifanya kwa kusudi. Upe mapacha telefone siku moja, ufunge macho.

Fundi_Foto (6/12, saa 20:14)

Nimesahau kusema juu ya kole. Usipake nyuma yote ya picha, weka tone ku pembe nne tu, siku utataka kuitosha itatoka. Kole ya unga ya kupika usiweke, mende watakula Noeli yako mbele ya Paska. Na zile albamu za zamani zenye karatasi ya kunata na plastiki juu, nilishauza nyingi na leo najuta, ile gundi inageuka manjano na picha inashikamana humo haitoke tena. Kaye ya kawaida inatosha. Wala usitoshe zote 32 ku karatasi kama franga ni shida, chagua kumi, zingine acha ku flash diski lakini andika ku kaye maneno yake na tarehe, ukurasa ubaki na maneno tu. Nimeona kaye ya maneno peke yake na ilikuwa muzuri.

Mama_Mapacha_Ndosho (14/12, saa 21:55)

Jambo yenu tena. Nimerudi na habari, aksanti kwa wote, hata Mwalimu. Sana Mwalimu, mutaona.

Nilikataza WhatsApp kujipakulia na nikafuta korali (musimwambie mutu wa korali), telefone ikapumua. Tarehe 6 ilinyesha mvula ile ya Goma, mabati yakavuja juu ya kitanda, nikapiga masufuria matatu yamepangwa ku kitanda yanangojea maji, na hiyo ndiyo naipenda kushinda zote mpaka leo. Tarehe 7 umeme hakuna, telefone ikazima saa nne asubui, hakuna picha, ku kaye niliandika "telefone ilizima, tulikula birayi (viazi) vya Kibumba, mapacha walipigana juu ya kijiko." Tarehe 8 viatu. Tarehe 9 bwana yangu mwenyewe akaniambia piga hii, alikuwa anatengeneza redio ya mama yake na kisu, nikapiga kutoka ku mulango na nikagusa uso ku ekra kama Fundi alisema, kweli ikatoka, unaona mpaka jasho.

Tarehe 10 nikawapa mapacha telefone saa moja tu. Walipiga picha 43. Kuku ya jirani 11, ndani ya pua ya mumoja wao 6, mabati, mabati, mabati, na moja niko mimi nimeinama ku mbabula napuliza makala, nimepigwa kutoka nyuma. Dada Himbi wewe ndiye ulitaka. Sikujua kama kikwembe changu kimepasuka pale nyuma. Tangu lini natembea vile? Nimeenda ku soko ya Virunga na kikwembe hicho! Watu wanne mu nyumba hii na hakuna mutu alinisemesha. Nimeibandika, ndiyo, na nimeandika chini "hakuna mutu alinisemesha."

Sasa mama mukwe. Nilifikiria maneno ya Mwalimu siku mbili, ile ya kuombwa. Nikaenda nikapiga magoti kidogo nikamwambia mama, nilikosa, nilipaswa kukulomba, sitapiga tena wewe wala chakula bila wewe kusema ndiyo. Akaniangalia. Akasema, "Na hizo zenye umeshapiga, nionyeshe." Tukakaa tukaangalia zote, ile ya sahani akaiangalia sana, akasema sambaza zile zilikuwa nzuri, ulinunua ku soko ya Kituku? Nikasema ndiyo. Akasema zile za Kituku huwa na mchanga lakini zile hazikuwa na mchanga. Basi.

Tarehe 12 asubui ananiambia, leo unaweza kunipiga. Nikasema aksanti mama, sasa hivi? Akasema ngoja. Akaoga. Akavaa kikwembe cha harusi ya bwana yangu, kile chenye sijamuonaka nacho tangu harusi yenyewe, akapaka mafuta, akatafuta pete za masikio, akapata moja, ya pili hakuna, akapindua sanduku, akapindua mufuko, akapiga magoti kuangalia chini ya kitanda, akasimama na utando wa buibui ku kitambaa cha kichwa na pete ku mukono anacheka peke yake, na mimi, Mungu anisamehe, kidole kikabonyeza.

Kisha akakaa ku kiti ku mulango, mikono ku magoti, uso kama wa paspoti, nikapiga ile yenye alitaka. Nzuri. Nyeupe, uso unaonekana, Fundi ungefurahi.

Jioni akalomba kuona. Nikamuonyesha ile ya kiti, akafurahi, akakamata telefone mwenyewe, akapeleka kidole kando, ikatokea ingine.

Akasema futa.

Nikasema mama lakini umecheka mu hii. Akasema najua, futa. Sikubishana, nilikuwa nimeapa mbele yake siku mbili tu. Nimefuta, mbele ya macho yake, na mu ile fasi ya takataka ya telefone pia juu anajua iko, mapacha walimufundisha.

Ku kaye nimebandika ya kiti. Ukurasa wa kando niliandika pete ilipatikana wapi.

Mwalimu_Mstaafu (14/12, saa 22:10)

Umefanya vizuri, binti yangu.

Niko_Kampala (14/12, saa 22:18)

Mimi nalia kwa ile yenye imefutwa na sikuiona hata

Mama_Mapacha_Ndosho (14/12, saa 22:31)

Ngojeni. Sasa hivi wifi yangu amenipigia simu kutoka Butembo anacheka hawezi kusema. Mapacha waliishaituma kwake tangu ile asubui ya tarehe 12, mbele nifute. Na yeye ameiweka ku grupe ya familia.

Mama mukwe hana telefone lakini bwana yangu anayo na ako anakuja kutoka kazi.

Mutoto_wa_Birere (14/12, saa 22:32)

Mama Mapacha kamata kaye, kamata flash diski, bariere ya Gisenyi unaijua 😂

Fundi_Foto (14/12, saa 22:40)

Mbele ya kukimbia ulizia wifi kama walimutumia kama dokima